Mguu wa Saa Mbili na Mguu wa Saa Saba

Siku ya kwanza niliingia kwenye chumba cha mazoezi ya viungo nikiwa na ndoo na tambara. Kalamu sikuwa nayo. Nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kupiga deki katika hospitali moja ya misheni upande wa Kolandoto, na elimu yangu ilikuwa darasa la nne, basi. Nalitaja hilo mapema makusudi, kwa sababu juzi kijana mmoja wa chuo aliniuliza nilisomea wapi kupima miguu. Nilisomea sakafuni.

Asubuhi hiyo hiyo mtaalamu wa viungo, mwanamume mrefu mwenye miwani, alitoa kichwa mlangoni akaniita. Ndani alilala mama mmoja wa Kisukuma, kashika gauni lake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Mtaalamu alitaka kuona paja, mama hataki, na muuguzi wa kike hakuwapo karibu. Nikaambiwa nizungumze naye. Nilinawa mikono, nikamsalimu mwangaluka, akaitikia mhola, yaani kwema. Tukaulizana ya kwao na ya kwetu, gauni likapanda lenyewe. Mtaalamu akamaliza kazi yake kwa dakika kumi. Tangu siku hiyo kila akija mwanamke, Mama Limbu, yaani mimi, aitwe. Nikawa naacha deki nusu. Matroni alinung'unika kwamba sakafu zake zimechafuka, mwisho akachoka kunung'unika, akaniandikia barua niwe mhudumu wa chumba kile.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana watu hudhani kupima miguu ni kumwambia mtu atembee halafu umtazame. Unaanza na nguvu. Unamlaza, unamwambia anyanyue paja, akunje goti, avute kidole gumba kuelekea kwake, na wewe unamkandamiza kwa mkono. Sifuri ni mguu usiocheza kabisa. Tano ni mguu unaokushinda wewe mpimaji. Kisha unamwambia alegee, unaukunja mguu wake haraka. Mguu mzima unakubali kama bawaba iliyotiwa mafuta. Mguu ambao neva zake zina tatizo unakwama katikati, unabishana nawe, halafu unaachia ghafla. Huko ndiko kukakamaa, na usipokuwa na mkono mtulivu hukusikii. Baada ya hapo unamwambia apeleke kisigino kwenye goti la mguu wa pili, akiteremshe juu ya muundi mpaka chini bila kuyumba. Unamsimamisha miguu pamoja, anafumba macho, nawe umekaa tayari kumdaka. Nimedaka watu wengi, wengine wazito kuliko mimi.

Kutembea huja mwisho. Futi ishirini na tano, mara mbili, saa ya kubonyeza iko mkononi. Halafu dakika sita mfululizo, unahesabu mita na unatazama kama mwendo wa dakika ya sita ni ule wa dakika ya kwanza. Mstari wa futi ishirini na tano pale misheni niliupaka mimi, kwa rangi iliyobaki ya milango. Nasikia bado upo.

Yule mtaalamu alikuwa mkali lakini hakuwa mchoyo wa maarifa. Siku moja alinikuta nikimsifu mgonjwa kwa kutembea vizuri. Alingoja mgonjwa atoke, akasema, "Mama Limbu, mguu haudanganyi. Mwenye mguu ndiye anayedanganya."

Sikumwelewa. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, tena kwa aibu.

Kutoka misheni nilipelekwa Masumbwe, kituo cha afya, kwa sababu walitaka mtu anayejua kuongea na watu wa vijijini. Huko nilipima waliopooza upande mmoja, walioangukiwa na mawe mashimoni, na waliopigwa teke na ng'ombe. Huko pia nilijifunza kusoma viatu. Watu wetu huvaa katambuga, sandali za tairi, na tairi haliishi kirahisi. Ukiona katambuga imelika kisigino, huyo anatembea kama mimi na wewe. Ukiona imelika ncha ya mbele, tena upande mmoja tu, basi huyo kidole chake hakinyanyuki, kinakwaruza ardhi kila hatua, hata kama yeye mwenyewe hajui. Mganga wa Masumbwe alinicheka kwamba nimekuwa fundi viatu. Nilimwacha acheke. Baadaye alikuwa akiniuliza, "Viatu vinasemaje?"

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Geita, zahanati kubwa katikati ya wachimbaji wadogo. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa pale, alikuwa mtu wa karatasi. Kwake jambo lisilo na muhuri halijatokea, na likishapata muhuri halibadiliki tena. Mtaalamu wa viungo alikuja mara moja kwa wiki, siku nyingine vipimo vya kutembea viliachwa mikononi mwangu. Nilivipenda. Nilijiona daktari.

Hapo ndipo alipoletwa Mama Kulwa.

Alikuwa mama wa miaka thelathini na kidogo, ana mapacha, Kulwa na Doto, wako shule ya msingi. Mumewe alikuwa machimboni Kahama, yeye akipika chakula cha wachimbaji karibu na karasha, mashine inayosaga mawe ya dhahabu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akianguka. Anaanguka na sufuria, anaanguka na ndoo, siku nyingine anatembea sawasawa kabisa. Wengine walisema karogwa. Wengi walisema anakunywa gongo kwa siri. Aliyemleta ni shemeji yake, Masanja, kaka mkubwa wa mumewe, na alisema shida yake wazi bila kuketi.

"Nataka karatasi. Ikiwa ni ugonjwa, tutamtibu, yeye ni wetu. Ikiwa ni pombe, arudi kwao Ushirombo. Watoto wanabaki."

Mama Kulwa alikuwa ametazama chini. Nilimpima saa mbili asubuhi. Alikuwa amelala kwa ndugu yake jirani na zahanati, ameoga maji baridi, kavaa viatu vya kanisani. Nguvu nikampa tano. Futi ishirini na tano alizimaliza kwa sekunde tano, kajinyoosha kama anakwenda kupokea komunyo. Nilipokunja mguu wa kulia niliusikia unakwama kidogo, kidogo sana, nikajiambia ni uchovu wa jiko. Dakika sita sikumtembeza, foleni ilikuwa ndefu. Nikamuuliza hali yake. Akasema mhola.

Jamani, mimi ni Msukuma. Najua kwamba Msukuma hata akiwa na mkuki mgongoni, ukimsalimu ataanza na mhola, matatizo baadaye. Lakini baadaye hiyo sikumpa. Niliandika "Miguu mizima," mganga mfawidhi akapiga muhuri, na Masanja akaikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Siku chache baadaye nilikwenda karasha mchana kula ugali kwake. Nitasema kweli, dhamiri haikunipeleka, njaa ndiyo ilinipeleka. Ilikuwa saa saba, jua limesimama, bati la kibanda chake linachoma, na mafiga matatu yanawaka kwa pamoja. Aliponiona alikuja kunisalimu kama tulivyolelewa sisi, kwa kupiga goti.

"Shikamoo, Mama Limbu."

"Marahaba, mwanangu."

Alibaki pale chini. Nikadhani ana neno. Kumbe hawezi kuinuka. Niliona mkono wake unapanda juu ya paja lake mwenyewe, unasukuma, mguu wa kulia unatetemeka, hautii. Wachimbaji waliokuwa wakila wakacheka. Mmoja akasema mama leo kaanza mapema, hata mboga haijaiva. Niliinama nikamshika makwapa, na nilipomkaribia nikanusa pumzi yake makusudi. Hapakuwa na gongo. Ilikuwa chai ya tangawizi.

Kisha nikatazama miguu. Siku ile hakuvaa viatu vya kanisani. Alivaa katambuga, na ya kulia ilikuwa imelika ncha mpaka nyuzi za tairi ziko nje. Nyuzi za tairi la lori.

Nilimkalisha kivulini, nikalowesha kanga nikamfunga shingoni, tukazungumza. Safari hii nilimuuliza kisha nikanyamaza, kama ilivyotakiwa siku ile. Akaniambia miguu yake huwa mizuri asubuhi, jua likipanda inakuwa ya mtu mwingine. Akaniambia mwaka aliowaachisha mapacha ziwa jicho lake la kushoto lilizima wiki kadhaa, likarudi lenyewe, hakumwambia mtu. Baada ya nusu saa alisimama akatembea vizuri, akaenda kugeuza ugali wake. Wale wachimbaji wakatazamana kana kwamba wamehakikisha: pombe imemtoka.

"Jumapili wananirudisha kwetu," aliniambia akiwa kanipa mgongo. "Kulwa ameshaanza kuniuliza nani atamsuka."

Nilirudi zahanati bila kula.

Mganga mfawidhi alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Halafu akanikumbusha kwamba karatasi ina muhuri.

"Muhuri ni wako, daktari," nikamwambia, "kosa ni langu. Nataka kulifuta."

Ijumaa ile alikuwa anakuja daktari bingwa wa mishipa ya fahamu kutoka Mwanza, wa siku moja tu, na orodha ya wagonjwa ilikuwa imejaa. Mganga mfawidhi akaniuliza kama kwa darasa langu la nne nataka kumwandikia bingwa. Nikamjibu sitaki kuandika chochote, nimeshaandika vya kutosha. Nataka kumtembeza mgonjwa mbele yake, saa saba. Alinipa nafasi ya mwisho, baada ya wote, akasema nikimwaibisha nitarudi kwenye ndoo yangu.

Nilimpa Mama Kulwa masharti: usije asubuhi, usipumzike, usivae viatu vya kanisani. Pika kama kila siku, kisha uje kwa miguu. Masanja naye nikamwita, aje na karatasi yake.

Basi Ijumaa ikafika na mawingu. Mvua ilinyesha alfajiri, hewa ikawa baridi kama ya sikukuu. Nilikaa mlangoni nikilitazama anga kwa hasira, mimi niliyeomba mvua mwezi mzima kwa ajili ya mahindi yangu.

Mama Kulwa alikuja saa saba. Bingwa alikuwa mtu mfupi, mpole, amechoka, anaandika habari za mgonjwa aliyetangulia. Akaniambia niendelee tu, anaona. Nikabonyeza saa. Futi ishirini na tano: sekunde tano na nusu. Masanja akakohoa, akapapasa mfuko wa shati lake. Mganga mfawidhi akatazama dirishani.

Nikaomba dakika sita.

Tulitembea kwenye ukumbi ule, kwenda na kurudi, mimi kando yake. Dakika ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu nilianza kusali. Ya nne nikausikia: kwaru. Hatua tatu kimya, halafu tena, kwaru. Halafu kila hatua, kwaru, kwaru, tairi linasugua saruji. Bingwa alikuwa ameinama anaandika, na kalamu yake ikasimama. Hakuinua macho kwanza. Alisikiliza. Kisha akainua kichwa, akaondoa miwani, akaugeuza mwili mzima kumtazama.

"Mrudishe kwenye futi ishirini na tano," akasema.

Sekunde kumi na moja. Goti la kulia halikunji, nyonga inazungushwa kwa nje ili mguu upite. Nikamwambia Mama Kulwa amwamkie daktari kama anavyoamkia wakubwa. Akapiga goti, na hakuinuka.

Hapo bingwa akafanya yale ambayo mhudumu hafanyi. Alimlaza, akamgonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira, mguu ukaruka. Akausukuma wayo kwenda juu kwa ghafla, wayo ukadundadunda wenyewe kama unapiga ngoma. Akapitisha ufunguo wa gari kwenye unyayo, na kidole gumba badala ya kukunjika chini kikapanda juu. Akauliza kuhusu macho. Mama Kulwa akanitazama mimi kwanza, nikamwambia sema, akasema.

Bingwa alituketisha wote, pamoja na Masanja. Akaeleza kwamba neva zetu zina ganda, kama waya wa umeme ulivyo na plastiki, na kuna ugonjwa ambao askari wa mwili wenyewe wanageuka kulila lile ganda. Waya ukiwa uchi, ujumbe kutoka kichwani unafika miguuni umechelewa au haufiki. Joto na uchovu haviuleti ugonjwa huu, vinaufichua tu. Kwa jina lake refu unaitwa maltipo sklerosisi, madaktari husema emu-esi. Kwetu hauonekani sana, akasema, na pengine hauonekani kwa sababu hatutazami. Alimtaka aende Mwanza akapigwe picha za ubongo na uti wa mgongo kabla ya kusema neno la mwisho.

"Ni nani aliyeamua apimwe saa hii?" akauliza.

Mganga mfawidhi akanyoosha kidole kwangu, akasema, "Mhudumu wetu." Kwa mara ya kwanza neno hilo lilikaa vizuri kinywani mwake.

Masanja alifungua kifungo cha mfuko, akaitoa karatasi, akataka kuichana. Nikamzuia. Nikaichukua, nikaibandika ukutani juu ya meza yangu, na muhuri wake na mwandiko wangu mbaya. Ilikaa pale mpaka nilipostaafu. Kila kijana aliyeletwa kwangu kujifunza nilimsomesha hiyo kwanza. Masanja mwenyewe ndiye aliyempeleka shemeji yake Mwanza wiki iliyofuata, kambebea begi. Picha zilirudi zikiwa na madoa meupe kichwani na mgongoni, na bingwa akathibitisha.

Hakupona. Nisiwadanganye, ugonjwa huo hauondoki, na hadi leo anameza dawa na kuhudhuria kliniki. Lakini miguu yake tuliipigania. Bingwa aliagiza kifaa cha kunyanyua wayo, na kabla hakijafika nilikwenda kwa fundi wa katambuga sokoni, nikamweleza nataka mkanda wa mpira unaotoka kwenye ncha ya sandali kupanda kwenye kifundo cha mguu, uvute kidole juu.

"Mayu, mama yangu, hii ni sandali au ni mtego wa kware?" akaniuliza.

Aliushona. Mtaalamu wa viungo aliukagua, akaucheka, kisha akaagiza mitano kwa ajili ya wagonjwa wengine. Jiko la Mama Kulwa lilihamishwa nje ya bati. Akaanza kupika alfajiri, kanga mbichi shingoni, na kazi ya mchana ikafanywa ameketi. Mazoezi ya kuketi na kuinuka nilimfanyisha mwenyewe, na nilimpiga marufuku kupigia mtu yeyote goti mpaka nitakapomruhusu. Wazee walilalamika kwamba namharibia tabia. Niliwaambia walete malalamiko yao kwangu, na waje kwa miguu, niipime.

Kulwa na Doto wanasukwa na mama yao.

Mganga mfawidhi naye alifanya jambo moja ambalo sikumwomba. Fomu ya kupimia miguu ilipochapishwa upya, nilikuta mistari miwili imeongezwa pale juu, kabla hata ya nguvu na futi ishirini na tano. Wa kwanza: Saa ya kupima. Wa pili: Mgonjwa ametoka kufanya nini. Aliiweka mezani kwangu akaondoka. Nasikia sasa inatumika hata katika vituo vingine, na wanaoijaza ni watu wenye shahada. Wanajaza mistari ya mtu wa darasa la nne. Niacheni nijivune, nimefanya kazi.

Ninyi mnaoanza, mna mashine ambazo mimi sikuziona. Kuna mkeka unaohesabu nyayo wenyewe, nimeonyeshwa kwenye simu. Zitumieni. Lakini mkeka hauulizi mtu ameoga maji gani wala amevaa viatu vya nani. Mgonjwa akija kwako amejikusanya, amekuletea mguu wake wa Jumapili kwa heshima. Usiikatae heshima yake. Ipokee, halafu umngoje mpaka huo mguu uchoke kuwa na adabu.

Siku ya kuniaga walinitengenezea sherehe uwanjani pale zahanati, na hotuba zilikuwa ndefu, jua kali. Mganga mfawidhi alipomaliza, Mama Kulwa alitoka upande wa majiko, katambuga yake ya mkanda mguuni, fimbo mkononi. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, akaiegemeza fimbo kwenye meza, na kabla sijamkataza akapiga goti.

"Shikamoo, Mama Limbu."

Sikuitikia. Nilikuwa natazama mguu wa kulia. Ulitetemeka kidogo, ukatulia, ukasukuma. Mkono haukugusa paja. Akasimama mbele yangu, jasho linamtoka, anacheka.

"Marahaba," nikasema. "Sasa nimekuruhusu."

Nilimwomba mtaalamu kijana aniletee fomu moja na kalamu, ya mwisho kwangu. Watu walidhani ni mzaha wa bibi anayestaafu. Niliijaza kwa mwandiko wangu ule ule mbaya. Saa ya kupima: saba na robo mchana. Mgonjwa ametoka kufanya nini: ametoka kupika ubwabwa wa sherehe yangu, watu wote hawa, na wameshiba.